Nani analipwa kuhudumia watu? Shajara ya mradi, Lamu

Mwisho wa Mei 2025

Mwalimu amekubali mada, baada ya kuvutana kidogo. Yeye alitaka "nafasi ya vijana katika maendeleo ya kaunti", mada ambayo kila mwaka kuna mtu huiandika na kila mwaka husemwa yale yale. Mimi nataka jambo dogo zaidi. Hapa kwetu kuna mashirika, vikundi vya kina mama, kliniki za boti, hospitali ya punda, watu wa kasa, watu wa mikoko, watu wa haki. Wote husema wanahudumia jamii. Nani kati yao analipwa? Kwa kazi gani hasa? Na pesa zikikatika, anakwenda wapi?

Nasomea diploma ya maendeleo ya jamii na mwakani namaliza, kwa hivyo mradi huu si wa alama tu. Mamangu ameniuliza waziwazi kama nitapata kazi au nitarudi mtaani kwetu Langoni na cheti na fulana za semina. Fulana hizo kabatini zimejaa. Kaka yangu alizikusanya miaka yote aliyokuwa "mhamasishaji", na leo anaendesha boti ya kuvusha watu Mokowe.

Nimenunua daftari kubwa nikalipiga mistari. Safu nne: kazi, anayelipa, muda wa mkataba, na ujuzi uliomwingiza mtu mlangoni. Ile ya nne nimeiongeza mwisho, kujaza ukurasa.

Juni, kabla ya Idd

Nimeanza na walio karibu, wahamasishaji wa afya ya jamii, maana mmoja wao tunatazamana milango. Serikali iliwazindua upya Septemba 2023, wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake: kipimo cha presha, cha sukari, kipimajoto, mizani, na simu ya kuingizia taarifa za nyumba anazozizungukia. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Posho, si mshahara, na haifiki tarehe moja kila mwezi.

Bi huyu anajua mtaa mzima. Anajua nani ana mimba kabla mume hajajua, na mzee gani huficha vidonge vya presha chini ya mkeka kwa kuwa vinamkosesha raha. Nilipomuuliza kama hii ndiyo kazi yake, alicheka mpaka akaweka upawa chini.

"Mwanangu, kazi ni mahamri. Hii ni amana."

Kweli, mahamri ndiyo yanayomlipia karo. Anaanza kukanda kabla ya alfajiri, anauza hadi saa mbili, ndipo anavaa buibui na kuchukua mkoba wa serikali. Kwenye safu ya nne nimeandika "kuaminiwa". Mwalimu akiliona neno hilo atalipiga mstari mwekundu, lakini nimeliacha, kwa sababu nimetafuta jingine nisilipate. Hakuajiriwa kwa cheti. Walimpendekeza watu wa mtaa wenyewe.

Baada ya Idd

Upepo wa kusi umekaza. Nilitaka kufuatana na kikundi kimoja kinachopeleka matibabu visiwani, na ami yangu aliye baharia wao alisema niende gatini asubuhi tuone. Nilifika na daftari na maswali. Dada muuguzi, hata salamu hatujamaliza, akanitia sanduku mikononi.

"Yeo si siku ya kuuliza, yeo ni siku ya kubeba."

Nikabeba. Ukibeba unaona zaidi kuliko ukiuliza. Sanduku la chanjo lina kipimajoto ndani, maana chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kuna mtu ambaye kazi yake siku nzima ni hiyo tu: kutazama namba na kuandika. Kuna mwingine mwenye orodha ya dawa, kila boksi na tarehe ya kuisha. Na kuna nahodha, ambaye mimi nilidhani ni dereva tu wa boti.

Safari ya Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hautaki haraka. Maji yakipwa, boti inakaa kwenye tope na mikoko inakutazama. Ukitaka kupita nje, uzunguke Manda kwa bahari kuu, wakati wa kusi hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili, sembuse ukiwa na mama mjamzito unayemrudisha hospitali ya King Fahd. Kwa hivyo ratiba ya kliniki haipangwi na daktari. Inapangwa na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapopungua mwendo, na anayejua hayo ni nahodha. Kwenye karatasi za wafadhili yeye ni "usafiri".

Hapa lazima nimtaje Umra Omar, maana wasichana wengi wa rika langu walianza kuzipenda kazi hizi kwa kumtazama yeye. Alisoma Marekani, akarudi, akaanzisha Safari Doctors wanaofika hadi vijiji vya kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, na mwaka 2016 CNN ikamtia katika mashujaa wake kumi. Fahari yetu ni ya haki. Lakini nimegundua kwamba sisi tulioitazama ile habari tulitaka wote kuwa mwanzilishi. Sikumbuki hata mmoja wetu darasani aliyesema anataka kuwa yule anayetazama namba kwenye sanduku la chanjo.

Juni, mwishoni

Hospitali ya punda. Ilifunguliwa mwaka 1987, baada ya Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha shirika la kuwalea punda huko kwao, kufika Lamu na kuwaona wetu na vidonda vyao. Matibabu ni bure. Mtoto aliyezaliwa Amu, yaani Lamu, huliona jengo lile kama anavyoliona Ngome pale Mkunguni, kitu kilichokuwapo tangu zamani.

Sina mengi ya kuandika leo isipokuwa hili. Punda alikuja tumbo limefura, mwenyewe analia karibu kuliko punda, kwa sababu siku hiyo alikuwa na kandarasi ya kubeba matofali. Kupenda wanyama hakumsaidii punda mwenye tumbo. Alihitaji mtu aliyesomea afya ya mifugo, mwenye kujua mpira unapitishwa puani kwa namna gani na dawa ni kiasi gani. Nilisimama pembeni na diploma yangu ya maendeleo ya jamii inayokuja, nikamshika mwenye punda mkono. Hilo nililiweza.

Jioni nikarudi kwenye daftari nikaisoma safu ya nne kutoka juu hadi chini.

Julai, mwanzoni

Nimempata mtu niliyekuwa namtafuta: bwana aliyefanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini katika mradi uliolipwa na Marekani. Ameomba nisitaje mradi wala mwajiri, na sitaji.

Tarehe 20 Januari mwaka huu Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ikaguliwe. Siku chache baadaye zikafika barua za kusimamisha kazi, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikakoma, mabaki yake yakahamia wizara yao ya mambo ya nje. Hayo yote tuliyasikia redioni. Yeye aliyasikia kwa simu, akiwa kwenye boti kutoka Faza, na fomu za mahojiano ndani ya mfuko wa plastiki zisirowe. Aliambiwa arudishe kompyuta. Fomu hakuna aliyeziulizia mpaka leo. Ziko kwake, na anasema hawezi kuzitupa kwa sababu watu walimpa majina yao na shida zao wakiamini kuna mahali zinakwenda.

Nilimuuliza juu ya mikataba. Akasema hata kabla ya mambo haya, ajira yake ilikuwa ya mwaka hadi mwaka, ikiisha Septemba, kwa sababu mwaka wa fedha wa Wamarekani huishia Septemba 30. Kila Agosti alianza kukosa usingizi. Amejenga nyumba vyumba viwili kwa mtindo huo, kila mwaka ukuta mmoja, na bado paa.

Sasa anaweka hesabu za tajiri mmoja anayeuza kamba na kaa wa baharini. Ameipataje? "Nilijua Excel." Hakusema kwa uchungu. Alisema wale wenzake waliokuwa wahasibu na watu wa ununuzi na maghala walipata pa kushika ndani ya miezi michache, wengine kwa wafanyabiashara, mmoja hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Waliokuwa "maafisa wa uhamasishaji" bado wako barazani. Akanitazama. Anajua nasomea nini.

Julai, siku mbili tatu baadaye

Nimekuwa na hasira, basi niziandike zipite. Tangu nikiwa sekondari nimehudhuria semina za kila namna: chai saa nne, wali wa nazi saa saba, kusaini orodha, nauli. Tumefundishwa uongozi na mabadiliko ya tabianchi, na ujasiriamali tumefundishwa mara nyingi kuliko wenye maduka. Sikumbuki semina moja iliyonifundisha kusoma bajeti. Hata chuoni tuna somo la kuandika pendekezo la mradi, na kwenye mfano tunaopewa ukurasa wa fedha umeachwa "utajazwa na idara ya fedha". Hiyo idara ya fedha ndiyo iliyopata kazi Dadaab.

Julai, katikati

Nimekaa na mzee mmoja msimamizi wa wakfu, mali ambayo Mwislamu huitoa moja kwa moja kwa ajili ya dini na jamii, karibu na Riyadha. Nilimwendea kwa adabu tu, kwa kuwa ni rafiki wa marehemu babu, sikutarajia kitu kwa ajili ya mradi. Nikakaa mpaka Magharibi.

Yeye hana subira na neno shirika. Msikiti wa Riyadha ulijengwa miaka 125 hivi iliyopita chini ya Habib Swaleh, ambaye sifa yake kubwa ni kuwafundisha hata wale ambao wenye vyeo wa Amu hawakutaka wafundishwe. "Alikuwa na mfadhili gani?" mzee aliniuliza, na hakungoja jibu. Kisima alichonionyesha ni wakfu. Nyumba ya pembeni ni wakfu, wapangaji wanalipa kodi, kodi inakarabati kisima na kumlipa mwalimu wa madrasa kidogo. Aliyeiweka wakfu amekufa kabla mzee hajazaliwa. Hakuna ripoti ya robo mwaka, hakuna Septemba.

Sijakaa nikameza kila kitu. Ziko nyumba za wakfu mjini humu zinazobomoka, na nyingine kodi yake ni ile ile iliyowekwa enzi senti ina thamani, na anayepanga ni jamaa wa fulani kwa hivyo haiguswi. Sheria ya makamishna wa wakfu ni ya mwaka 1951, na wenye malalamiko hawakosi. Mzee hakubisha. Alisema wakfu unakufa pale daftari linapokufa: msimamizi akifariki na hakuna aliyeandika nani analipa nini, nyumba inakuwa ya aliye ndani.

Lakini nililinganisha usiku. Bwana wa kamba na kaa alikuwa na kazi nzuri iliyosimama juu ya kodi za wananchi wa nchi nyingine, ambao wana haki ya kubadili mawazo. Kisima kimesimama juu ya kodi ya vyumba vitatu na duka.

Julai, mwisho

Watu wa haki. Hili nililingoja kwa hamu, maana nilikuwa shule wakati mji ulipovaa fulana za kupinga makaa ya mawe. Mradi ulikuwa wa kuzalisha megawati 1,050 huko Kwasasi. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, na wenzao wakaenda kwenye baraza la taifa la kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha pwani na Sudan Kusini na Ethiopia.

Dada mmoja msaidizi wa sheria (kazi ambayo sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 inaitambua) aliniambia nisahau maandamano kwa dakika moja, nifikirie orodha za mahudhurio. Mkutano ulifanyika lini, nani aliitwa, aliitwa kwa lugha gani, alipewa nakala ya ripoti ya mazingira kabla au baada. Kesi ya ushirikishwaji inajengwa hapo. Mtu aliyekaa nyuma ya baraza la kijiji akiandika vizuri anaweza kuwa shahidi wa maana kuliko aliyeshika spika.

Alinipa jaribio. Nikaenda mkutano wa wavuvi, wa kikundi chao cha kusimamia ufuo, nikaandika kumbukumbu. Mzee mmoja alisimama akaeleza mwamba mmoja: ulikuwa na samaki gani, meli za bandarini zinapita umbali gani, vyombo visivyo na mashine vinashindwaje kufika mbadala wake wakati wa kusi. Alisema kwa muda mrefu, akachora na kidole mchangani. Katibu wa mkutano aliandika: "Changamoto za uvuvi zilijadiliwa." Mimi nikaandika mwamba, samaki, umbali, na majira. Dada wa sheria alisoma zangu mara mbili, akaniuliza kama naweza kwenda mkutano ujao pia. Nauli watalipa. Ujira hapana, bado hawana.

Agosti

Marafiki wanataka tusajili shirika letu. Wana jina na nembo tayari. Nilipita ofisi ya maendeleo ya jamii kuuliza: kikundi cha kijamii, chini ya sheria ya 2022, kinahitaji watu wasiopungua kumi. Tukitaka kuwa shirika kubwa, kuna ile sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 ikalala zaidi ya miaka kumi, ikaanza kutumika Mei 14, 2024 badala ya ile ya 1990. Inadai, pamoja na mengine, hesabu za kila mwaka.

Nikawauliza nani kati yetu ataweka hesabu. Kimya. Mkurugenzi tunaye, naibu tunaye, afisa wa mawasiliano tunao wawili. Nimewaambia nitajiunga wakimpata mweka hazina asiyekuwa mimi, wakasema mbona wewe ndiye unayezungumza habari za hesabu siku hizi.

Agosti, baadaye kidogo

Mwalimu amesoma rasimu. Anataka sura ya nadharia. "Kuaminiwa" amelipiga mstari kama nilivyojua, lakini pembeni ameandika: "eleza zaidi", kwa hivyo si mbaya.

Jedwali limejaa vya kutosha kusemwa. Waliodumu katika kazi hizi, wakilipwa, karibu wote waliingia na ufundi wao kwanza: uuguzi, unahodha, mifugo, sheria, hesabu, ghala. Huduma kwa jamii ndipo walipoupeleka ufundi huo, na siku shirika likifunga wanaondoka nao. Wasiolipwa, au wanaolipwa posho, ndio walioko karibu zaidi na watu: bi wa mahamri, waandishi wa mikutano, walimu wa madrasa. Mwalimu anasema hiyo ni dhuluma na niiandike hivyo. Nitaiandika. Ila mimi pia natafuta kazi, na siwezi kuishi ndani ya sura ya mapendekezo.

Mamangu nimemwambia nataka nikimaliza nisomee diploma ya ufundi wa uhasibu ya KASNEB, bodi ya taifa ya mitihani ya uhasibu, niifanye jioni. Alinyamaza, akachambua mchele, kisha akasema hesabu ningezisomea tangu mwanzo tusingelipa karo mara mbili. Nikajibu kwamba tangu mwanzo nisingejua za nini. Hakuridhika. Kaka yangu yeye amefurahi, anataka nimtazamie hesabu za mafuta ya boti, bure bila shaka.

Agosti, mwisho

Mzee wa wakfu ameniita. Daftari zake za zamani zimeanza kuliwa na mchwa, na macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Anataka mtu wa kunakili: nyumba ipi, mpangaji nani, kodi ngapi, imelipwa lini, imetumika wapi. Mengine yameandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo nazisoma polepole kwa kuwa madrasa sikukimbia. Ameweka sharti moja, kwamba nikikuta jina la jamaa yangu kwenye deni, niliandike kama majina mengine.

Nilimuuliza kuhusu ujira, kwa kuwa baada ya miezi hii singeweza kutouliza. Akapiga hesabu kwa vidole, akataja kiasi kidogo kitakachotoka kwenye kodi ya duka, kila mwisho wa mwezi mwandamo, mpaka daftari ziishe. Ni pungufu ya posho ya bi jirani. Nimekubali. Naanza Jumamosi baada ya Alasiri, na kabla ya hapo nina kumbukumbu za mkutano wa wavuvi wa Alhamisi za kusafisha na ile sura ya nadharia, ambayo sijaandika hata mstari.